Namna ya Kubuni Simu Ambayo Bado Haijazaliwa: Mwongozo Kamili

Kila siku zinamwagwa mtandaoni picha za simu ambazo hakuna kiwanda kilichowahi kuziunda: nyembamba kama jani, angavu kama maji, nyingine zinakunjwa mara nne na kuvaliwa kama bangili. Nyingi zinapendeza. Nyingi pia zinasahaulika kabla jua halijazama, kwa sababu aliyezichora hakujiuliza betri inakaa wapi.

Mimi mwenyewe nilianzia hapo. Simu yangu ya kwanza ya kubuni ilikuwa kioo kitupu. Ukiishika unaona mistari ya kiganja chako upande wa pili. Nikamwonyesha jamaa yangu mmoja, fundi simu. Akautazama mchoro, akaigeuza karatasi kana kwamba jibu liko nyuma, akauliza, "Sasa laini naichomeka wapi?" Laini ni plastiki na shaba. Betri ni pakiti nyeusi isiyopitisha mwanga hata kidogo. Kumbe nilikuwa nimechora dirisha.

Tangu hapo nafanya kazi kwa kanuni moja, na mwongozo huu umesimama juu yake: jiruhusu uongo mmoja tu. Chagua jambo moja ambalo teknolojia ya leo haiwezi, lifanye liwezekane kwenye kifaa chako, kisha vingine vyote vifuate sheria za dunia hii tunayoishi: uzito, joto, umeme, urefu wa kidole gumba. Uongo mmoja mtazamaji anaumeza. Ukimpa wa pili anaanza kukukagua, na ukimpa wa tatu anafunga ukurasa.

Nitatembea na mfano mmoja mwanzo hadi mwisho, simu ambayo ujumbe wake unasomeka kwa vidole ikiwa bado mfukoni. Wewe weka wako badala yake. Kama unabuni saa, miwani, spika za masikioni au kifaa kisicho na jina bado, hatua ni zilezile.

Hatua ya 1: Tafuta kero kabla ya umbo

Kalamu ikianza na umbo, utaishia kuchora mstatili wenye kona za mviringo kama kila mtu. Kwa siku 3 tembea na kidaftari. Kila kifaa kinapokuudhi, andika papo hapo ulikuwa wapi, mikono yako ilikuwa na shughuli gani, ulitaka nini na nini kilikuzuia. Suluhisho usiliandike. Likija mapema, linaipofusha kero.

Daftari langu lilijaa mambo madogomadogo. Waya ulionasa kwenye kitasa cha mlango. Skrini isiyosomeka juani. Kidole chenye maji ambacho simu ilikikataa. Lakini moja lilijirudia mara nne: niko kikaoni, simu inatetema mfukoni, nataka kujua kama kuna dharura nyumbani au ni tangazo tu, na kuitoa mbele ya watu ni utovu wa adabu. Hiyo ndiyo niliyoichukua.

Kero nzuri ina mtu, mahali na sekunde yake. "Watu wanahitaji utulivu zaidi" ni hotuba. "Mkono uko mfukoni na sijui nani ananitafuta" ni kero, kwa sababu unaweza kuipima: kabla ya kifaa chako sikujua, baada yake najua.

Mwanasayansi wa kompyuta Alan Kay, alipoandika mwaka 1972 akiwa Xerox PARC, maabara ya utafiti ya kampuni ya Xerox, kuhusu Dynabook, kompyuta ya kubebeka ambayo hakuna chipu ya wakati ule ingeweza kuiendesha, alianza na mtoto na vitu ambavyo mtoto angependa kuvifanya nayo. Ukubwa wake, sawa na daftari, na uzito usiofika kilo 2, vilitokana na huyo mtoto: lazima aweze kuibeba. Aliitengenezea hata modeli ya kadibodi. Ukitazama kompyuta za mapajani na tableti za leo, unaona alikuwa anachora nini.

Hatua ya 2: Chagua mwaka

"Siku zijazo" si tarehe. Andika mwaka juu ya karatasi. Ukichagua miaka 3 mbele, unabuni toleo lijalo la kitu kilichopo. Ukichagua 40, hakuna anayeweza kukupinga, na mchezo usio na mpinzani hauna ladha. Mimi napenda miaka 10 hadi 15, kwa sababu historia ya simu yenyewe inatembea kwa mwendo huo. Martin Cooper wa Motorola alipiga simu ya kwanza ya mkononi barabarani New York tarehe 3 Aprili 1973, akiwa na kitu cha zaidi ya kilo 1. Simu ya aina hiyo ilianza kuuzwa madukani mwaka 1983. IBM ilionyesha simu yenye skrini ya kugusa, ile iliyokuja kuitwa Simon, mwaka 1992, ikaiuza mwaka 1994. Watu wa kawaida walikuja kuizoea skrini ya kugusa baada ya iPhone ya 2007.

Ukishaweka mwaka, angalia pia sheria zitakazokuwepo. Mbunifu anayepuuza sheria anachora simu ya jana. Umoja wa Ulaya umelazimisha simu mpya zinazouzwa humo kuwa na tundu la USB-C tangu tarehe 28 Desemba 2024, na kanuni yake ya betri inataka, kuanzia tarehe 18 Februari 2027, betri za vifaa vya kubebeka ziweze kutolewa na mtumiaji mwenyewe, ingawa ina misamaha yake. Kwa hiyo simu yako ya miaka 10 ijayo iliyofungwa kama jiwe, isiyo na ufa wala skrubu, inahitaji maelezo.

Hatua ya 3: Andika uongo wako kwa sentensi moja

Sentensi yenye "na" ndani yake mara nyingi ni uongo mbili. Wangu uliandikwa hivi: "Mgongo wa simu una nukta ndogo zinazopanda na kushuka zenyewe, ndani ya unene wa milimita 2." "Na" iliyopo humo ni ya kupanda na kushuka, hiyo naisamehe.

Kisha andika upande wa pili: leo ikoje? Vifaa vya kusomea nukta nundu, yale maandishi ya wasioona yanayosomwa kwa vidole, kwenye kompyuta vipo na vinafanya kazi vizuri. Nukta zake husukumwa na vipande vya kauri vinavyojipinda vikipewa umeme wa volti karibu 200, na vipande hivyo ni virefu, ndiyo maana kifaa kinakuwa kinene kama kamusi. Uongo wangu basi unajulikana mpaka wake: nimefupisha kitu kilichopo. Sikubuni muujiza. Uongo wa aina hii ndio mtamu zaidi, maana mhandisi akiuona anakuna kichwa badala ya kucheka.

Vipimo navyo havibuniwi. Katika nukta nundu za kawaida, nukta hadi nukta ni takribani milimita 2.5, herufi hadi herufi ni milimita 6 hivi, na nukta huinuka nusu milimita. Simu yenye upana wa milimita 70 inabeba herufi 11 kwa mstari. Mistari miwili ya herufi zenye nukta 6 ni nukta 132. Hapo ndipo nilipogundua kwamba sina nafasi ya ujumbe mzima. Nina nafasi ya jina na alama ya haraka. Nikashukuru, kwa sababu kero yangu ilikuwa hiyohiyo: nani, na je, inangoja?

Hatua ya 4: Piga hesabu

Hapa ndipo wengi hukimbia, na hapa ndipo utakapowaacha nyuma. Hesabu zenyewe ni za darasani.

Anza na umeme. Betri ya mAh 5000 ina takribani wati-saa 19. Gawanya kwa saa 24: simu nzima ina wastani wa wati 0.8 tu kwa siku, humo ikiwamo skrini, mtandao, kamera na hicho kitu chako kipya. Nukta zangu 132, tuseme kila moja inakula milijuli 10 kupanda. Zote zikipanda ni juli 1.3. Ujumbe 200 kwa siku ni juli 264, yaani chini ya wati-saa 0.1. Rahisi mno, nikafurahi. Halafu nikajiuliza: nukta ikishapanda, nani anaishikilia juu? Ikiwa kila nukta inahitaji miliwati 5 ili isianguke, na nusu yake ziko juu muda wote, hizo ni wati 0.33, karibu nusu ya posho yote ya simu. Nukta zangu lazima zijifunge zenyewe kama kitufe cha kalamu: umeme unatumika kupanda na kushuka tu. Sentensi hiyo moja ilibadilisha mchoro wote, na isingepatikana kwa kuchora.

Ukubwa wa betri nao una bei. Betri nyingi za simu hubeba wati-saa 650 hadi 700 kwa lita, hivyo wati-saa 19 zinadai sentimita za ujazo 28 hivi. Simu ya milimita 160 kwa 75 kwa 8 ina sentimita za ujazo 96. Karibu theluthi ya simu ni betri. Ukichora simu yenye unene wa milimita 3 bila kuikuza upande mwingine, ujazo wake wote unabaki 36. Ukishatoa betri, skrini na fremu, hata mahali pa kuchomeka laini hupaoni. Yaleyale ya dirisha langu.

Wengi hukimbilia jua. "Mgongo wa simu ni paneli ya sola, haichajiwi kamwe." Piga hesabu: mgongo wa sentimita 7 kwa 15 ni mita za mraba 0.0105. Jua kali la mchana hutoa takribani wati 1,000 kwa mita ya mraba, na paneli nzuri huchukua sehemu ya tano yake. Unapata wati 2 hivi. Kujaza betri ya wati-saa 19 ni zaidi ya saa 9 za jua la utosini, simu ikiwa imelala kifudifudi ikichemka. Mfukoni unapata sifuri. Sola inaweza kuwa uongo wako mmoja, sawa, lakini itakubidi useme simu inalala wapi mchana kutwa.

Joto: simu isiyo na feni hutoa wati 3 hadi 5 kwa kuendelea, ikizidi hapo mgongo unaanza kuunguza kiganja. Miwani hutoa chini ya hapo, maana iko usoni. Mawimbi: chuma kilichofunga kifaa pande zote ni jela ya antena. Robo ya wimbi la megahezi 700 ni karibu sentimita 11, robo ya gigahezi 2.4 ni sentimita 3, kwa hiyo pete nzuri ya chuma kitupu unayoichora inahitaji dirisha la plastiki au kauri mahali fulani. Antena kuwa nje ya fremu pia si dawa ya bure: iPhone 4 ya 2010 ilipoteza mtandao ikishikwa kona moja kwa mkono mtupu.

Kama unakunja skrini, kuna hesabu moja tu ya kukariri. Mvutano kwenye uso unaopindwa ni unene ukigawanywa kwa nusukipenyo kilichozidishwa kwa mbili. Kioo cha milimita 0.7 kikipindwa kwenye nusukipenyo cha milimita 1.5 kinavutwa kwa asilimia 23, kinapasuka zamani. Kioo cha milimita 0.03 kwenye mpindo huohuo kinavutwa kwa asilimia 1. Ndiyo siri ya simu zinazokunjwa: kioo kimekondeshwa mpaka kikawa kama utando, na gharama yake ni kwamba ukucha unaweza kukiumiza.

Hatua ya 5: Chora vibaya, chora vingi

Karatasi 20, dakika 2 kila moja, kalamu ya wino ili usifute. Kumi za kwanza ni za watu wengine, ulizoziona mahali. Kuanzia ya 12 hivi mkono unachoka kuiga. Weka alama tatu, tupa zilizobaki kwenye droo. Usiwashe kompyuta bado.

Hatua ya 6: Kata kadibodi, uiweke mfukoni

Jeff Hawkins, kabla Pilot, kompyuta ndogo ya mkononi ya Palm, haijaingia sokoni mwaka 1996, alitembea na kipande cha mbao mfukoni kilichokatwa kwa ukubwa wa kifaa alichokitaka, na kijiti cha kulia chakula kilichogeuzwa kalamu. Mtu akitaka miadi naye, anatoa mbao yake, anajifanya anaandika juu yake. Walioona huenda walidhani amechanganyikiwa. Yeye alikuwa anajifunza ni mara ngapi anakitoa na kwa ajili ya nini.

Fanya hivyo. Kadibodi, mbao laini au sponji ngumu, rula, kisu chenye makali, gundi, msasa. Kata kwa vipimo kamili, usikadirie. Milimita 3 mkononi ni nyingi kuliko zinavyoonekana kwenye rula. Kisha uzito, jambo ambalo karibu kila mtu hulisahau. Simu za leo zina takribani gramu 2 kwa kila sentimita ya ujazo, hivyo ile ya sentimita 96 ina gramu 190 au 200. Mbao laini ya ukubwa huo ina gramu 50 au 60. Ukiibeba hivyo utaipenda bure, kwa sababu ni nyepesi kama mkate mkavu. Toboa mashimo kwa ndani, jaza sarafu au vipande vya chuma, funga kwa selotepu, pima tena kwenye mizani mpaka ifike. Uzito usirundikane upande mmoja, isipokuwa kama betri yako kweli iko upande huo.

Yangu niliipiga msasa jioni nzima. Nukta nilizitengeneza kwa vichwa vya pini zilizokatwa na kugandishwa kwa gundi, mistari miwili, jina moja la herufi chache. Nikaitia mfukoni asubuhi, nikatoka nayo. Saa ya kwanza kidole kiliikuta ikiwa kichwa chini. Baada ya kuketi na kusimama ikawa imegeuka, nukta zinatazama paja. Mara ya tatu ikawa upande sahihi, lakini ncha ya kidole ikasoma jina kinyumenyume, kutoka mwisho kwenda mwanzo, kwa sababu mfukoni mkono unaingia kutoka juu na kiganja kimelala ndani. Mezani, nikiishika kama simu, kila kitu kilikuwa sawa. Wiki nzima ya kuchora isingeniambia hilo.

Marekebisho yalikuwa mawili. Kwanza, kona moja ya simu ikakatwa mshazari kidogo ili kidole kijue juu ni wapi. Jicho halihitaji kona hiyo, kwa hiyo picha za kwanza ziliponionyesha kwamba inaharibu ulinganifu, nilikaza roho nikaiacha. Pili, nukta zinasubiri kuguswa: vihisi vya mguso, vitu vya kawaida kabisa, vinatambua kidole kinatoka wapi, kisha jina linapanda kwa mwelekeo wa kidole hicho. Hakuna uongo wa ziada hapo.

Beba modeli angalau siku 5. Lala nayo karibu na kitanda, ipeleke msalani, iweke mezani unapokula. Andika kila inapokukera.

Hatua ya 7: Igiza programu kabla ya kuichora

Skrini za karatasi zinatosha. Kata vipande vya ukubwa wa skrini yako, chora kila hatua kwenye kipande chake, vigeuze kwa mkono mtu anapogusa. Kitufe kisiwe chini ya milimita 9 kwa 9, kwa sababu ncha ya kidole si ncha ya kalamu. Na kumbuka watu wanavyoshika simu: Steven Hoober alipowatazama watu 1,333 hadharani na kuandika alichokiona mwaka 2013, katika wale waliokuwa wakigusa skrini asilimia 49 walitumia mkono mmoja. Simu zimekua tangu hapo, kidole gumba hakijakua.

Kwa kifaa kinachodai akili, mfiche mtu nyuma ya pazia. Mwombe rafiki akae chumba cha pili, ajibu kwa sauti au kwa ujumbe kana kwamba yeye ndiye mashine, na mtumiaji asijue mpaka mwisho. Kwangu, rafiki alinitumia mtetemo kwenye simu ya kawaida, nami nikaingiza mkono mfukoni na kusoma pini, jina likiwa limebadilishwa kila mara. Nilijipima: sekunde 4 kutambua jina siku ya kwanza, mpaka siku ya tano ilikuwa chini ya 2. Ila majina mawili yanayoanza na herufi moja niliyachanganya daima. Kwa hiyo nikaacha wazo la majina kwa wale wasiosoma nukta nundu, nikawapa alama nne zinazotofautiana kabisa: mstari, duara, msalaba, ukingo mtupu. Anayesoma nukta nundu anabaki na herufi kamili, tena kwake simu hii ni zana ya siku nzima, mimi kwangu ni adabu ya kikaoni. Wazo likishapata mtumiaji anayelihitaji kuliko wewe mwenyewe, mfuate yeye.

Onyo kwa wanaotaka kuondoa skrini kabisa: kila kazi ya skrini lazima ihamie mahali. Kifaa cha kubandika kifuani cha kampuni ya Humane kilikuja mwaka 2024 bila skrini, kikitegemea sauti na mwanga unaomulikwa kiganjani. Sauti haifai kwenye umati, mwanga haushindani na jua, na mwanzoni mwa 2025 mauzo yalisitishwa. Picha zake za awali zilikuwa nzuri sana.

Hatua ya 8: Ivunje mwenyewe

Kaa chini na orodha ya maafa: imeanguka kutoka kiunoni, imelowa, betri imefika miaka 4, mtoto ameitafuna, mtumiaji ana kidole kimoja cha bandeji, mchanga umeingia. Kwa kila moja andika kinachotokea, sentensi mbili tu.

Mchanga unastahili muda wake. Samsung ilipowapa wakaguzi Galaxy Fold mwezi Aprili 2019, baadhi walibandua utando wa juu wakidhani ni ule wa kulinda skrini mpya, kumbe ni sehemu ya skrini yenyewe. Kwingine vumbi liliingia kupitia nafasi za bawaba. Uzinduzi ukasogezwa mpaka Septemba. Hakuna aliyekosea hesabu ya kukunja. Vilivyosahaulika ni vidole na vumbi.

Mimi nina mashimo 132 mgongoni mwa simu inayoishi mfukoni, mahali penye nyuzi na uchafu kuliko popote. Ilinibidi nifunike nukta zote kwa ngozi moja laini ya mpira inayovutika, na ngozi hiyo iweze kubanduliwa na kubadilishwa, kwa sababu mpira unaopanda na kushuka mara mia kwa siku utachoka. Unene ukaongezeka kwa milimita 0.4. Kamera ikabaki na tumbo lake lililotokeza. Lenzi inadai umbali wake kutoka kwenye kihisi cha picha na sikutaka kutumia uongo wangu hapo.

Hatua ya 9: Ijenge kwenye kompyuta

Sasa ruksa. Blender, programu ya kujenga vitu vya pande tatu, ni ya bure na inatosha kwa yote. Weka kipimo cha milimita tangu mwanzo, ingiza vizuizi vya betri, ubao wa saketi, kamera na skrini kama maboksi matupu, kisha jenga ganda kuyazunguka. Watu hufanya kinyume, halafu wanashindana na maboksi.

Kinachofanya picha iaminike ni vitu vidogo. Hakuna ukingo duniani ulio mkali kabisa, hivyo kila ukingo upe mviringo hata wa milimita 0.2 ili ushike mwanga. Sehemu mbili zinapokutana acha ufa wa milimita 0.1. Lenzi ya kamera ya ndani ya programu iwe kati ya milimita 50 na 85. Ukitumia pana, simu inaonekana kubwa kama jengo. Skrini isiwake kuliko taa ya chumba. Paka alama hafifu ya kidole kwenye kioo, moja tu. Na angalau picha moja iwe na mkono wa mtu, maana bila mkono hakuna ajuaye ukubwa.

Nami nakuomba, achana na ukungu wa buluu na miale inayotoka pembeni. Tumeiona.

Hatua ya 10: Iweke hadharani

Picha 3 zinatosha: kifaa kikitumika kwenye ile sekunde ya kero, kifaa kikiwa kimefunguliwa vipande, na kifaa kando ya kitu ambacho kila mtu anakijua ukubwa wake. Chini yake andika mwaka uliouchagua, uongo wako kwa maneno yaleyale ya hatua ya 3, na neno "dhana" kwa herufi zinazoonekana ndani ya picha yenyewe, kwa sababu picha husafiri bila maelezo yake na kesho utaikuta mahali ikitangazwa kuwa simu inayotoka mwezi ujao.

Kusema wazi hakupunguzi mvuto. Nokia na Chuo Kikuu cha Cambridge walipoonyesha Morph mwaka 2008, kifaa cha kupindwa kama kitambaa, waliieleza kama dhana ya teknolojia ya nano, na bado iliwekwa kwenye maonyesho ya jumba la sanaa la MoMA, New York. Dave Hakkens naye mwaka 2013 aliweka video ya Phonebloks, simu ya vipande vya kuchomeka na kuchomoa, shabaha yake ikiwa taka za vifaa vya umeme. Motorola ilikuwa na mradi wa namna hiyo, Ara, uliohamia Google na kufungwa mwaka 2016. Simu hiyo ya vipande haikufika dukani. Lakini Fairphone 2 ya 2015 ilikuwa na sehemu ambazo mtumiaji anaweza kuzibadilisha mwenyewe.

Ukishaiweka, waonyeshe kwanza watu watatu ana kwa ana, ukiwa umefunga mdomo. Wape modeli mkononi, usiwape picha. Hesabu sekunde mpaka waiweke mezani, tazama kidole gumba kinakwenda wapi kabla hawajasema lolote, andika swali lao la kwanza neno kwa neno. Yule jamaa yangu fundi nilimpelekea modeli ya pini. Aliitia mfukoni, akaichezea kwa muda huku akitazama dari, akaitoa, akageuza, akaona trei ndogo niliyoichonga pembeni.

"Laini umeweka," akasema. "Ile ngozi ya mpira ikichanika, naibandua kwa joto au ina klipu?"

Toleo la sita lina klipu.